Mjusi wa Nyumbani: Chakula Chake na Tabia Zake

Mafunzo kwa wakulima, walimu na wanafunzi



Mkulima mwenye bidii huwajua watu wanaofanya kazi katika shamba lake, huijua mifugo yake, na huwajua adui wanaomwibia mavuno. Lakini yuko kiumbe mmoja akaaye katika nyumba zetu karibu zote, afanyaye kazi usiku kucha bila ujira, na wengi wetu hatumjui vema. Huyo ni yule mjusi mdogo wa ukutani, ambaye pwani na sehemu nyingi za bara huitwa mjusi kafiri. Wengine humwogopa, wengine humpiga kwa ufagio kila wamwonapo, na watoto humfanya mchezo. Karatasi hii imeandikwa ili ujue anakula nini, anawindaje, ana tabia gani, na kwa sababu gani yafaa aachwe akae. Tena itakueleza mambo asiyoweza kukufanyia, maana msaidizi husifiwa kwa kazi aiwezayo, wala si vema kumtegemea kwa ile asiyoiweza.

1. Ni mjusi gani?

Mijusi wa Afrika ya Mashariki ni wa namna nyingi, na yafaa usiwachanganye. Kenge ni mkubwa, naye huiba mayai na vifaranga. Yule mjusi wa mchana ambaye dume lake lina kichwa chekundu, atikisaye kichwa juu ya mawe, ni mwingine. Yule mwenye ngozi laini ing'aayo, apitaye upesi katika majani makavu, ni mwingine pia.

Mjusi tunayemsema hapa hutoka usiku. Rangi yake ni ya kijivu au ya udongo, tena huweza kuipunguza au kuizidisha: kando ya taa huonekana mweupe, na mchana katika ufa huonekana mweusi kidogo. Pamoja na mkia, mkubwa wake hupata kama sentimeta 12 hadi 15. Vidole vyake ni vipana, na macho yake hayafumbi.

Wataalamu humwita Hemidactylus mabouia. Jina hilo la mabouia alilitoa Mfaransa Alexandre Moreau de Jonnès mwaka 1818, naye alimwona katika visiwa vya Antilles, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lakini asili ya mjusi huyu ni Afrika. Alivuka bahari akiwa amejificha katika meli na shehena zake, na leo yuko Brazil, visiwa vya Karibi na Florida.

Kuhusu jina la kafiri, yako masimulizi mengi ya wazee na ya dini. Mambo ya dini ni ya wenyewe, nasi hatubishani nayo hapa. Kazi yetu ni kueleza chakula chake na tabia zake, kama tunavyoeleza habari za nyuki au za kuku.

2. Chakula chake

Mjusi huyu hali nafaka, hali unga, hali majani, wala hatoboi gunia. Chakula chake ni viumbe vidogo walio hai. Hula nondo, mende, nyenje, panzi wadogo, mbu, inzi, mbawakawa wadogo, viwavi na buibui. Mvua za kwanza zinapoanguka na kumbikumbi wakaruka kuelekea kwenye taa, hiyo ndiyo karamu yake. Usiku huo utamwona akila mpaka tumbo limevimba, kisha ameganda ukutani hawezi hata kukimbia upesi.

Fikiri jinsi wadudu hao wanavyomhusu mkulima. Yuko nondo mdogo wa rangi ya majani makavu ambaye hutaga mayai juu ya mahindi na mtama. Kiwavi wake huingia ndani ya punje, akaila, akatoka akiwa nondo mwingine, na punje ikabaki ganda tupu. Mjusi hawezi kumfikia kiwavi aliye ndani ya punje. Lakini nondo atokapo jioni na kurukaruka juu ya kihenge kutafuta mwenziwe, hapo mjusi humnasa. Nondo jike aliyeliwa kabla ya kutaga ni mayai mengi yasiyofika katika mahindi yako. Mende naye huchafua vyombo na chakula, na nyenje hutafuna nguo. Kila mmoja anayeingia katika kinywa cha mjusi ni hasara iliyopungua, nawe umesikia kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tuseme kweli yote. Mjusi hachagui adui na rafiki. Hula pia buibui, ambao nao ni wawindaji wa wadudu, na hula hata watoto wa mijusi wenzake. Yeye hutafuta tumbo lake tu. Faida tuipatayo hutokana na kuwa wadudu wengi waliomo nyumbani na ghalani ni wale tusiowataka.

3. Jinsi anavyowinda

Jua likichwa, mjusi hutoka katika ufa, nyuma ya boriti au ndani ya makuti, akakaa mahali pake. Mara nyingi mahali hapo ni karibu na taa. Haipendi taa yenyewe, bali amejifunza kwamba wadudu huja hapo. Hakimbii huku na huku akitafuta. Hukaa kimya kama mvuvi wa ndoana, kichwa chini, akitazama.

Mdudu akitua, mjusi hugeuza kichwa kwanza. Halafu hunyata hatua moja, akasimama; akanyata tena, akasimama. Pengine ncha ya mkia hutikisika kidogo. Akifika karibu huruka ghafula na kumdaka kwa kinywa. Mdudu mkubwa humpigapiga ukutani mpaka anyamaze, kisha humeza polepole. Mdudu aliyekufa na kutulia kwa kawaida hamshughulishi, maana jicho lake huitwa na kitu kinachojongea.

Mahali pazuri pa kuwinda huwa na mwenyewe. Dume moja likikalia taa, dume jingine likija hufukuzwa. Hapo ndipo utasikia ile sauti yake ya kuchakacha, tik-tik-tik, ambayo watu wengine hudhani ni dalili ya jambo. Kwa kweli ni maneno baina ya mijusi: huyu amwambia yule, "Hapa pangu, nenda zako," au dume huita jike.

Maji yake huyapata kwa kuramba matone ya umande au ya mtungi. Kwa kuwa mwili wake haujipashi moto wenyewe, joto la mahali ndilo litawalalo njaa yake. Usiku wa joto hula sana. Usiku wa baridi hula kidogo au hatoki kabisa. Ndiyo sababu pwani huonekana wengi kuliko katika nyanda za juu zenye baridi.

4. Vyombo vyake vya kazi

Jinsi anavyopita darini miguu juu ni jambo lililowashangaza watu tangu zamani. Hana gundi, wala hanyonyi ukuta kama ruba. Chini ya vidole vya mijusi wa jamaa hii mna mistari ya vinyweleo vidogo mno, na kila kimoja hugawanyika kuwa ncha nyingi zisizoonekana kwa macho. Ncha hizo husogea karibu sana na ukuta hata zikavutana nao. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walipima nguvu ya unyweleo mmoja wa mjusi mwingine wa jamaa hii atokaye Asia, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachomshika ni huko kuvutana, si unyevu. Akitaka kuondoka, hukunjua vidole kuanzia ncha, navyo huachia mara moja.

Macho yake hayana kope za kufumba. Yamefunikwa na utando mwangavu kama kioo cha saa, naye huusafisha kwa ulimi wake mwenyewe. Mboni ya jicho husimama kama mstari mwembamba mchana, na usiku hupanuka ili kupokea mwanga mdogo. Ngozi yake huichuna kila baada ya muda, na mara nyingi huila, isipotee bure.

5. Mkia wake

Ukimshika mkia, hukatika na kubaki ukirukaruka, naye mwenyewe amekwenda. Huu si uchawi wala si sumu. Ndani ya mkia mna mahali palipowekwa tayari pa kukatikia. Paka au nyoka hushughulika na mkia, na roho ya mjusi imepona. Baadaye mkia mwingine humea, lakini ndani yake hamna mifupa kama ule wa kwanza, mna gegedu tu.

Hata hivyo usiwaache watoto wamkate mkia kwa mchezo. Mkia ni akiba yake ya mafuta, mfano wa mkia wa kondoo. Aliyekatwa mkia amepoteza akiba ya siku za njaa, naye hana budi kutumia chakula chake kuotesha mwingine badala ya kukua na kuzaa.

6. Mayai yake

Jike hutaga mayai mawili kwa mara moja. Ni meupe, mviringo, magumu, madogo kama harage dogo. Huyaweka katika ufa, nyuma ya ubao au chini ya gome la mti, na mara nyingine majike kadha hutaga mahali pamoja. Jike mwenye mimba ukimtazama kwa taa kutoka chini utayaona mayai ndani ya ngozi nyembamba ya tumbo. Hayaatamii, joto la nyumba huyaangua baada ya wiki kadha. Ukiyakuta ukisafisha ghala, yaache palepale.

7. Jamaa yake afugwaye ng'ambo

Katika nchi za Afghanistan, Pakistan na upande wa kaskazini magharibi wa Bara Hindi yuko jamaa wa mjusi huyu, mwenye rangi ya manjano na madoadoa meusi, ambaye kwa Kiswahili twaweza kumwita mjusi chui. Mwingereza Edward Blyth alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1854. Yeye ana kope za kufumba, hana vidole vya kupandia kuta, naye hukaa chini katika mawe na nchi kavu. Mkia wake ni mnene kwa mafuta.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi humfuga mjusi chui katika masanduku ya kioo. Hununua nyenje kwa fedha ili kumlisha, na huwalisha nyenje hao vizuri kwanza, maana mdudu mwenye njaa ni chakula kitupu. Huwapakaza unga wa madini ya chokaa, kwa sababu wadudu peke yao hawana chokaa ya kutosha kwa mifupa ya mjusi. Hawampi mdudu mwenye upana unaozidi nafasi iliyo baina ya macho yake. Mtoto hulishwa kila siku, na mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu. Humwekea upande mmoja wa sanduku wenye joto, maana bila joto chakula hakisagiki tumboni. Akitunzwa hivyo huishi miaka 15 na zaidi.

Nawaeleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, wafugaji hao wamemtazama mjusi kwa karibu, na waliyoyaona yatufaa: kwamba hutaka chakula kilicho hai, kwamba joto ndilo limsagialo chakula, na kwamba afya yake huonekana katika unene wa mkia. Watoto wetu humtia mjusi katika chupa na kumpa ugali, kisha hushangaa akifa. Amekufa njaa mbele ya kitu ambacho kwake si chakula. Pili, fikiri: wako watu walipao fedha ili kumlisha mjusi wadudu. Wewe mjusi wako hujilisha mwenyewe, tena kwa wadudu ambao wewe ungelipa fedha kuwaondoa. Basi usimfunge katika chupa. Kazi yake ni ukutani.

8. Mambo asiyoyaweza

Usiache mavuno yako mikononi mwa mjusi. Fukusi na dumuzi hukaa ndani ya gunia na ndani ya punje, mahali asipofika. Dumuzi yule mkubwa, atokaye Amerika, alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye huweza kugeuza mahindi kuwa unga katika msimu mmoja. Dhidi ya hao, dawa ya kwanza ni kukausha. Mahindi ya kuweka ghalani yafaa yasiwe na maji zaidi ya sehemu 13 katika 100.

Ukitaka kujaribu bila chombo cha kupimia, twaa chupa kavu ya kioo, utie vijiko vichache vya chumvi iliyokauka sana, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kandokando ya chupa, mahindi bado ni mabichi, yaanike tena. Chumvi isiposhika, yamekaribia kuwa tayari; yaongezee siku ya jua. Halafu yaweke katika chombo safi kisichopitisha hewa.

Vivyo hivyo mjusi hula mbu, lakini hawezi kuwamaliza. Lala katika chandarua kila usiku, na wapulizaji wa dawa ya malaria wakija, usiwakatalie.

9. Je, ana sumu?

Hana. Meno yake ni madogo mno, hana tezi ya sumu, na akikuangukia hakudhuru. Mtu aliyeugua baada ya kula chakula kilichoangukiwa na mjusi hakuuawa na sumu ya mjusi. Lakini hapa pana jambo la kweli ambalo wazee waliliona, ila sababu yake haikuwa sumu. Kinyesi cha mjusi huweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, viletavyo kuhara na homa. Kwa hiyo:

Funika chakula na mtungi wa maji siku zote. Chakula kilichoangukiwa na mjusi au kinyesi chake kitupwe. Futa meza na jiwe la kusagia kabla ya kutumia. Nawa mikono kwa sabuni ukimshika mjusi au ukifagia kinyesi chake. Watoto wadogo wasimchezee.

Tena jifunze kutofautisha kinyesi chake na cha panya, maana wengi humlaumu mmoja kwa kosa la mwingine. Kinyesi cha mjusi ni cheusi au cha kahawia, na ncha yake moja ni nyeupe kama chokaa. Weupe huo ni mkojo wake, ambao hutoka mkavu. Kinyesi cha panya hakina ncha nyeupe. Ukiona kinyesi chenye ncha nyeupe ghalani, hapo pana mlinzi. Ukiona kisicho nayo, hapo yumkini pana mwizi, nawe tega mtego.

10. Namna ya kuishi naye

Usimwue, wala usiwaache watoto wamwue. Unapokandika nyumba, ziba nyufa za chumba cha kulia na za jikoni juu ya mahali pa chakula, lakini usijisumbue kuziba kila ufa wa ghala la juu. Usitie dawa ya wadudu ovyo kila mahali. Mdudu aliyepata dawa akiliwa na mjusi, sumu yake humwingia mjusi pia. Halafu wadudu wakirudi, na hurudi, hakuna wa kuwangoja. Ikibidi kutumia dawa, soma maagizo, tumia kiasi kilichoandikwa, mahali palipoandikwa tu. Wala usimchukue mjusi kutoka nchi moja kumpeleka nchi nyingine. Katika kisiwa cha Curaçao huyu mjusi wetu, alipofika, alimfukuza mjusi mwenyeji kutoka katika nyumba.

11. Zoezi kwa shule

Mwalimu awaagize wanafunzi watazame taa moja nyumbani kwa muda wa saa moja, usiku saba mfululizo. Waandike: mijusi wangapi wamekuja, kila mmoja amekaa wapi, amedaka wadudu wangapi na wa namna gani, na kama usiku ulikuwa wa joto, wa baridi au wa mvua. Asubuhi wapasue kinyesi kimoja kikavu kwa kijiti, watafute vipande vya mabawa, miguu na maganda ya wadudu, kisha wachome kijiti na kunawa mikono kwa sabuni. Walinganishe daftari zao darasani.

Maswali:

Kwa nini mjusi hukaa karibu na taa?
Kwa nini hula kidogo usiku wa baridi?
Mkia una kazi gani zaidi ya kumwokoa na adui?
Ni wadudu gani wa ghalani asioweza kuwafikia, nawe utawazuiaje?
Kinyesi cha mjusi na cha panya hutofautianaje?
Kwa nini chakula kifunikwe, ikiwa mjusi hana sumu?

Mwanafunzi awezaye kuyajibu haya mbele ya wazazi wake amewaletea nyumbani faida. Ukiona wadudu wa ghalani usiowajua, watie wachache katika chupa yenye kifuniko, uwapeleke kwa Bwana Shamba wa mahali pako mapema, kabla gunia moja halijawa kumi.